Sehemu ya Nne Ifutwe Yote

Mwalimu aliingia chumba cha walimu na karatasi mkononi, akaanza kucheka kabla hata hajaketi.

"Haya, jamani," akasema, "leo nimepigwa. Sogeeni mnione nilivyopigwa."

Tulidhani ni utani wake wa siku zote. Katika idara yetu wahadhiri ni wengi, lakini ukisema Mwalimu, bila kuongeza kitu, kila mtu anajua unamsema yeye. Ndiye aliyetufundisha karibu sote tunaofundisha pale. Mimi nilikuwa mwisho wa ile meza ndefu, kati ya rundo la mitihani na lile birika la umeme ambalo kifuniko chake tumekifunga kwa uzi, nikinywa chai yangu. Akavaa miwani, akaikunjua karatasi.

"Ni uhakiki wa makala yangu niliyopeleka kwenye jarida la kitivo. Sikilizeni. 'Mwandishi huyu anaonekana hajawahi kufundishwa namna ya kujenga hoja.'" Akatutazama juu ya miwani. "Mmesikia? Hajawahi kufundishwa!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi chai ilinipalia. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, jirani yangu akanipigapiga mgongoni, na wote wakadhani nimecheka kuliko wao.

Sentensi ile ilikuwa yangu.

"Bado," Mwalimu akaendelea. "'Kila sehemu anaifungua kwa swali, kama mtangazaji wa redio anayetafuta wasikilizaji.' Hii imenichekesha kweli. Halafu: 'Sehemu ya nne haina kichwa wala miguu. Ifutwe yote.' Na mwisho, ngojeni: 'Namshauri mwandishi arudi darasani, akae mstari wa mbele, anyamaze, asikilize.'"

Hapo hakucheka tena. Wengine waliendelea kidogo, kisha nao wakanyamaza mmoja mmoja. Alikunja karatasi, akaikunja tena, akaitia mfuko wa shati na kuupapasa kama mtu anayehakikisha kitambulisho chake kipo.

"Arudi darasani," akasema. "Haya. Nina kipindi saa hii, kwa hiyo naenda huko huko."

Akatoka. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze na kikombe changu.

Ngoja nieleze, maana mtu asiye wa kazi hii anaweza kudhani mimi ni chizi niliyeamka asubuhi na kumtukana mzee wangu. Makala za jarida huja bila jina la mwandishi, na uhakiki hurudi bila jina la mhakiki. Ndivyo kazi yetu inavyofanyika. Kila mmoja kafunikwa uso ili atende haki. Maneno mazuri hayo. Lakini sisi wa fani hii tu wachache mno, tungeweza kuenea meza moja ya harusi. Ukipewa makala, la kwanza huisomi. Unakimbilia ukurasa wa marejeo ukamtafute mwandishi ni nani. Na usiniambie wewe hufanyi hivyo. Tunafanya sote, tukikutana tunajifanya watakatifu.

Basi nami nilikimbilia marejeo, nikakuta kazi nne za Kwa Kweli zimepangana. Kwa Kweli ni mwenzangu wa idara. Tulisoma darasa moja, tukasimamiwa na Mwalimu mmoja, na hilo jina tulimpa kwa sababu hawezi kuomba hata chumvi bila kusema "kwa kweli". Nikajiuliza: nani duniani angemtaja Kwa Kweli mara nne kama si Kwa Kweli mwenyewe? Nikafungua kurasa za mwanzo, nikakuta kila sehemu inaanza kwa swali, kama anavyoandika yeye. Nikasema, nimekupata, baba.

Nilikuwa na kinyongo naye. Kwenye semina iliyopita, mbele ya wageni, aliinua mkono taratibu akasema, "Dada, kwa kweli, asilimia kwenye jedwali lako zikijumlishwa zinapita mia." Ukumbi ukacheka. Alinivua nguo mchana kweupe. Na kinachouma zaidi ni kwamba zilikuwa zinapita mia.

Kwa hiyo nilipoipata ile makala sikuwa mhakiki tena. Nilikuwa mtu aliyeletewa adui yake amefungwa kamba. Nilisoma kurasa chache, zilizobaki nikazipekua kama mtu anayetafuta bei. Nilipofika sehemu ya nne niliona maelezo marefu ya watu wanaongea hospitalini, nikasema huyu anajaza kurasa. Nikaandika uhakiki wangu kwa pumzi moja, huku nacheka peke yangu ofisini, nikautuma kabla ya chakula cha mchana. Nakumbuka nilikula vizuri sana siku ile.

Sasa Mwalimu katoka na karatasi mfukoni, na Kwa Kweli, yule yule niliyemkusudia, alikuwa ameketi karibu na dirisha amekunja uso kwa huzuni. Nilipotoka alinifuata kwenye korido.

"Dada, ngoja. Unajua kamati ya vyeo inakaa mwezi ujao?"

"Najua."

"Makala hii ndiyo iliyokuwa imebaki. Kila kitu kingine anacho. Mwisho wa mwaka anastaafu, na akistaafu hajaupata huo uprofesa, kwa kweli, ndiyo basi. Mtu kasoma tasnifu zetu sote mpaka nukta, makala zake mwenyewe hakuziandika kwa sababu yetu. Leo kaandika moja, anakuja mtu anamwambia arudi darasani!"

"Ni kazi ya wahakiki," nikasema. Sauti yangu ilitoka nyembamba.

"Si kazi, ni roho mbaya tu. Na huyo mtu hana akili. Anacheka maswali ya mwanzo wa sehemu! Wewe unaandika hivyo, mimi naandika hivyo, sote tumeyatoa kwa mzee." Akasimama. "Unamhisi nani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Nimeuliza tu. Nikimjua huyo, kwa kweli, sitamsalimia tena maisha yangu yote."

Akaenda zake. Nilibaki nimeegemea ubao wa matangazo, pini zinanichoma mgongo. Mimi pia naandika hivyo! Nilikuwa nimecheka uandishi wangu mwenyewe, na kisima tulichochotea sote, eti kwa kuwa nilidhani ndoo ni ya Kwa Kweli.

Siku iliyofuata nilipiga moyo konde nikaenda kwa mhariri. Huyo tunamwita Mama Mkasi. Bado ana mkasi unaoning'inia mezani kwa kamba, tangu enzi za kukata kurasa na kuzibandika kwa gundi, na hakuna sentensi aliyowahi kuionea huruma. Njiani nilikuwa nimejiapiza: nikiingia tu, nasema. Makala niliihakiki kwa hasira, uhakiki wangu utupwe, apewe mtu mwingine. Nilikuwa nimeyapanga maneno yote, hata mahali pa kumeza mate.

"Karibu, Kiberiti," akasema. Hilo ni jina langu. Mwalimu alinipa nikiwa mwaka wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa nawaka kabla sijakwaruzwa. "Umekuja wakati mzuri. Keti."

"Nimekuja kuhusu ule uhakiki wa makala ya wagonjwa..."

"Ah, ule! Mhakiki wa pili kaisifu makala hiyo mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Wewe ukaichinja. Nikasema huyu binti ana uhakika hivi, lazima kaona kitu ambacho mwenzake hakukiona. Nikafuata wako."

Nilifungua mdomo. Yeye akaendelea, anapanga bahasha.

"Lakini sijaikataa. Nimemwachia mlango. Akirekebisha kila ulichosema, itatoka toleo hili hili, kabla kamati haijakaa."

"Kila nilichosema?"

"Kila kitu. Na sehemu ya nne iondoke. Kwani kuna nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kusema. Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Mama Mkasi akatabasamu, jambo ambalo hulioni mara kwa mara.

"Na nikuibie siri. Jina lako linapitishwa kwenye bodi ya wahariri. Ukali wako ndio tunaoutaka. Watu wanasoma siku hizi kama wanaangalia picha, wewe unasoma."

"Asante, Mama," nikasema.

Nikatoka. Na ukitaka kujua nilijisikiaje kwenye ngazi, nitakwambia: nilipumua. Nilipumua kabisa! Nikajisemea, kumbe hakuna kilichoharibika. Mzee atafuta hiki, ataongeza kile, makala itatoka, kamati itakaa, uprofesa ataupata, na mimi nitaingia kwenye bodi. Hakuna haja ya kumuumiza mtu kwa kumwambia. Nilivaa huruma juu ya woga wangu, na vazi likanikaa. Macho makavu namna ile sijawahi kuyaona kwa mtu, na yalikuwa kichwani pangu.

Ijumaa Mwalimu alinipigia.

"Kiberiti, kesho una nafasi? Nimeshamaliza masahihisho, ila macho yangu na kompyuta hayapatani siku hizi. Njoo unisomee, uone kama nimemridhisha huyu bwana."

"Bwana yupi?"

"Mhakiki."

Ningesema naumwa. Ningesema nina msiba. Nikasema nitakuja.

Nilifika asubuhi na mfuko wa machungwa. Mkewe, ambaye sote tangu uanafunzi tunamwita Mama, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umekuja. Ingia umwone baba yako. Hali chakula vizuri, haongei, yeye na hiyo makala tu." Akashusha sauti sikioni mwangu. "Unajua juzi kawasomea wanafunzi wake hayo matusi? Darasa zima! Eti awaonyeshe mtu mzima anavyokubali kukosolewa. Nikamwambia, wewe, huna hata aibu? Akasema, kama kweli sijui, nione aibu ya nini?"

"Aliwasomea yote?"

"Yote. Mimi huyo mtu ningempata ningemchapa na mwiko." Akaupokea mfuko. "Machungwa mazuri haya. Mungu akubariki."

Mwalimu alikuwa sebuleni, kompyuta juu ya meza ya kulia, na pembeni makaratasi yenye mistari ya kalamu nyekundu. Ile karatasi ya uhakiki aliibandika kwa utepe wa gundi kwenye ukingo wa skrini, na kila nukta aliyoitimiza aliitia alama ya vema, kama anavyotia kwenye mitihani. Alama zote zilikuwa zimeshatiwa. Hata kwenye "arudi darasani" aliweka vema ndogo.

"Keti hapa. Anza juu, usinionee haya."

Nikaanza kusoma. Sijui niseme nini. Ilikuwa makala safi, haina kosa, na haikuwa ya kwake. Yale maswali ya mwanzo wa sehemu yalikuwa yameng'olewa yote. Zamani ukisoma kazi ya Mwalimu ulikuwa unasikia anavyovuta kiti, anavyokukazia macho. Sasa ilisomeka kama maelekezo ya kutumia pasi. Na ilikuwa fupi. Sehemu ya tatu ikaisha, likaja hitimisho, ghafla, kama ngazi uliyodhani ina kidato kingine.

Chini kabisa, pale waandishi wanaposhukuru, aliandika: *Namshukuru mhakiki nisiyemjua, aliyeisoma kazi hii kwa makini kuliko nilivyoiandika.*

Nilisoma mstari huo mara nyingi. Herufi zikawa zinaogelea.

"Vipi?" akauliza. "Imekaa?"

"Imekaa, Mwalimu."

"Mbona husemi kwa nguvu? Kiberiti kimelowa leo?"

Nikacheka kidogo, cheko la mtu anayeumwa jino. Halafu, nikijifanya nauliza tu, nikasema, "Hii sehemu ya nne iliyoondoka, ilikuwa inahusu nini?"

Akanitazama, akashangaa kweli.

"Sijakwambia? Hapana, ni kweli, nilikuwa nataka uje uikute jaridani." Akavuta kiti karibu. "Basi imeshafutwa, hakuna siri tena. Unaikumbuka kazi yako ya mwaka wa tatu?"

Nilikuwa siikumbuki. Kisha nikaikumbuka, polepole. Ilikuwa kazi ya darasani tu. Mama yangu mzazi alikuwa anaumwa miaka ile, mimi ndiye niliyempeleka hospitali, na kila daktari alipomuuliza swali nililijibu mimi. Siku moja nikatoka kumtafutia maji ya kunywa. Niliporudi nilimsikia kutoka mlangoni anamweleza daktari maumivu ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Yalimkaa mahali pengine kabisa, tangu muda mrefu. Nilikaa baadaye kwenye yale mabenchi ya kungojea wiki nzima, naandika: mgonjwa anavyoongea msindikizaji wake akiwepo, na anavyoongea msindikizaji akitoka. Mwalimu aliniandikia juu yake, *Hii usiitupe.* Nikaitupa. Nilikuwa na haraka ya kuhitimu.

"Kitu kile hakuna aliyekiona kabla yako," Mwalimu akasema. "Nimesoma kila kilichoandikwa, hakuna. Nilingoja uiandike. Ukaandika mengine, mazuri tu, lakini hilo hukuliandika. Nikaona nitastaafu na litapotea hivi hivi. Basi nikaenda hospitalini mwenyewe, nikakaa, nikapima kama ulivyopima. Nikakuta ni kweli tupu. Nikaandika kwamba hoja hii si yangu, ni ya mwanafunzi wangu, nikakutaja kwa jina. Sehemu ya nne ndiyo makala, mwanangu. Nyingine zote nilizijenga ipate pa kukaa."

"Na ukaifuta."

"Mhakiki kasema ifutwe. Iliniuma, siwezi kukudanganya. Ila nikasema pengine mapenzi yamenipofusha, nimekusifu kupita kiasi. Mtu wa mbali huona vizuri zaidi." Akaniegemea kidogo begani, kunitania. "Usinikasirikie. Nimekufuta kwa shingo upande."

Mama alikuwa ameingia na sinia la chai. Nilisikia vikombe vinagongana, nikajua akiweka tu lile sinia na kuondoka, nitameza tena, nitapumua tena, na safari hii itakuwa kwa maisha yangu yote.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini?"

"Mhakiki. Ni mimi, Mwalimu. Yale maneno ni yangu."

Mama akabaki na sinia mikononi. Nami, kama kila mwoga aliyefunguka, nikamwaga yote kwa haraka, nisikilizwe kabla sijahukumiwa.

"Sikujua ni wewe. Naapa sikujua. Niliangalia marejeo nikaona Kwa Kweli katajwa mara nne, na yale maswali, nikadhani ni yeye. Nilikuwa nina hasira naye tangu semina. Nilidhani ni yeye!"

"Ahaa," akasema. Akafikiri. "Kwa hiyo angekuwa yeye, ingekuwa sawa?"

Uso ulinishuka mpaka kifuani.

"Naye ni mwanafunzi wangu," akasema. "Nilimtaja mara nne kwa sababu kafanya kazi nne nzuri. Wewe ungezijua, kama ungezisoma." Akavua miwani, akaiweka mezani na mikono yake ikawa haina la kufanya. "Niambie kitu kimoja. Matusi yaache, mimi ni mtu mzima, nimetukanwa na watu wenye vyeo zaidi yako. Sehemu ya nne. Uliisoma?"

Angeniuliza kitu kingine chochote! Angenifukuza, angemwachia Mama anichape na ule mwiko. Nilitazama karatasi ya uhakiki kwenye ukingo wa skrini, na zile alama za vema.

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Niliipekua tu. Sikuisoma."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, polepole, kama mtu anayeelezwa njia ya mahali pa mbali. Mama akaweka sinia mezani, akaketi bila kuambiwa.

"Unajua mimi nilimwamini?" Mwalimu akasema. Hakuwa ananiambia mimi, alikuwa anamwambia Mama. "Yule mtu. Nilisema ni mkali, lakini kaisoma. Nikasimama mbele ya watoto wa watu darasani nikawaambia, tazameni, huyu kanisoma." Sauti ikamkatika kidogo, akakohoa kuifunika. "Nimesoma kazi zenu zote mpaka mwisho. Hata za wale wasiojua kuandika. Hata zile mlizonakiliana mkidhani sijui."

"Nisamehe, Mwalimu."

Akaivuta kompyuta, akavaa miwani, akatafuta kwa kidole kimoja mpaka akaufikia ule mstari wa shukrani. Akaufuta. Aliufuta herufi moja moja, maana hajui njia nyingine ya kufuta, na mimi nilikaa pale naziangalia zinavyoondoka.

Halafu akaingia chumbani. Alikaa huko muda mrefu, na Mama hakunitazama hata mara moja. Aliporudi alikuwa na makala ya kwanza, ile iliyokuja kwangu bila jina, imebanwa kwa pini kwenye pembe. Akaifungua mahali, akaniwekea mbele.

"Soma," akasema. "Mimi nipo."

Kila aliyepita mikononi mwa Mwalimu anajua maana yake. Ndivyo alivyotufundisha. Hakuwa anatuuliza kama tumeelewa, kwa kuwa mwanafunzi yeyote atasema ameelewa. Anakupa kurasa, anakaa mbele yako, mikono magotini, anangoja. Ukimaliza anakwambia ufunge karatasi, umwambie zinasema nini. Ukibabaisha, unafungua unaanza upya. Niliwahi kulia mbele yake nikiwa na miaka ishirini kwa ajili ya ukurasa mmoja tu.

Nikasoma. Nilisoma kila neno, na tanbihi zake. Ilianza kwa swali: *Nani anaumwa, anayeulizwa au anayejibu?* Kisha jina langu, zima, la kwanza na la ubini, na maneno haya mbele yake: *Aliyeliona hili kwanza.* Akaeleza benchi la kungojea nilivyolieleza mimi, na mama aliyesema baada ya binti yake kutoka kutafuta maji. Hakusema kwamba binti ni mimi. Alijua, nilimwambia wakati ule, lakini hakusema, alinisitiri. Chai ilipoa. Mama akainuka akafunga dirisha kwa sababu karatasi zilikuwa zinapeperuka, akarudi kuketi.

Nilipofika mwisho niliendelea kutazama chini. Sikuwa na pa kuupeleka uso.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Funga karatasi. Niambie inasema nini."

Nikaifunga.

"Inasema..." Nilimeza mate. "Inasema mtu anayemsemea mwenzake anaweza kumpenda kabisa, na bado akamnyamazisha. Inasema daktari akitaka kujua maumivu yalipo, amtoe kwanza msemaji. Na inasema aliyeliona hili kwanza alikuwa mwanafunzi, halafu akaacha kulitazama."

"Hilo la mwisho halimo," akasema Mwalimu.

"Halimo."

Kisha akaichukua simu yangu iliyokuwa pembeni ya sinia, akanisogezea.

"Sasa mpigie Mama Mkasi. Mwambie hivyo hivyo."

"Mwalimu, akijua..."

"Atajua, ndiyo."

Sikutaja habari ya bodi. Hakuna aliyeijua ndani ya chumba kile, na ningeitaja ningezidi kujivua nguo. Nikabonyeza namba. Mwalimu akaketi mbele yangu, mikono magotini, anangoja. Simu ikaita, ikaita, na mimi nikawa naomba kimoyomoyo isipokewe.

"Ehe, Kiberiti," akasema Mama Mkasi. "Jumamosi yote hii? Kuna nini?"

"Ni kuhusu sehemu ya nne, Mama," nikasema. "Sikuisoma."